Kidole Kwenye Ukurasa wa Shukrani

Kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikifundisha, katika chuo kimoja cha Gitega, somo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliomba: namna ya kuandika tasnifu bila kuiba. Kwenye ratiba limepewa jina refu la heshima. Wanafunzi wanaliita somo la polisi, na mimi wananiita Kamishna. Najua, kwa sababu ukuta wa ofisi yangu ni wa mbao nyembamba na foleni husimama upande wa pili.

"Kamishna yuko?"

"Yuko. Leo ana kalamu nyekundu mbili."

Sikulichukia jina hilo. Mtu wa umri wangu, ambaye tumbo limeanza kumtangulia mlangoni, hapati vyeo vingi. Akipewa kimoja cha bure anakivaa.

Kipindi cha kwanza cha kila mwaka ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Sikuanza na tanbihi wala mabano. Nilianza na ng'ombe. Niliwauliza nani kati yao amekulia nyumba yenye ng'ombe wa kupewa, na mikono ikanyooka, hasa ya watoto wa Bugendana na Makebuko. Mnajua alitoka kwa nani? Wanajua. Wanajua hata kama aliyetolewa alikuwa bibi wa huyo ng'ombe wa leo na mtoaji amekwisha zikwa. Kwetu mtu akikupa ng'ombe unasimama mbele ya watu, pombe ikiwa imeshatengwa, unamtaja. Ng'ombe akizaa, unamtaja tena. Ukitaka kumtoa ndama, unakwenda kumwambia kabla hajasikia kwa jirani. Na ukimficha aliyekupa, siku moja atakuja na fimbo yake amrudishe ng'ombe kwake, wala hakuna mtu wa kilimani atakayekuonea huruma.

"Basi," nilikuwa nikiwaambia, nikinyamaza kidogo kwa sababu nilijua kinachofuata ni kizuri, "anayekunywa maziwa amtaje aliyetoa ng'ombe. Kunukuu ni huko tu. Mengine ni koma na nukta."

Waliiandika sentensi hiyo. Wengine waliipigia mstari. Kwa miaka yote hakuna hata mmoja aliyeniuliza: na wewe Kamishna, sentensi hii umepewa na nani?

Wizi wenyewe niliujua mpaka mtaa unakokaa. Tasnifu nyingi za mji wetu huchapwa Magarama, kwenye vibanda vyenye kompyuta moja, mashine moja ya kutoa nakala, na mwanamke mmoja anayejua siri za wasomi wote. Huyu wa karibu na kwangu alikuwa ametunza kwenye mashine yake kazi za miaka na miaka. Mwanafunzi aliyeishiwa maneno alikaa kwenye benchi lake, akataja mada, naye akamfungulia ya mwenzake wa zamani. Jina la kilima likabadilishwa, mwaka ukabadilishwa. Kitu kimoja tu hakikuibwa kamwe, nacho ni ukurasa wa shukrani. Huo kila mtu aliuandika kwa jasho lake: baba, mama, wajomba, wakwe watarajiwa, padri wa parokia, kurasa tatu nzima. Kisha marejeo, nusu ukurasa. Watu wangu wanajua sana kushukuru. Wanachosahau ni kusema wanashukuru kwa lipi.

Mwaka mmoja nilimnasa kijana aliyechukua sura mbili nzima kutoka kazi ya mwingine, nikahakikisha amerudia mwaka. Kisha nikashuka Magarama kumgombeza yule mwanamke mchapaji, ambaye tasnifu huziita memwari.

"Prof, mi sina kosa," alisema bila kuacha kuchapa. "Mtu anakuja na memwari yake, mi nachapa. Iko kazi."

"Unagawa maneno ya watu."

"Maneno iko ya nani, Prof? Wote wanaanza 'Burundi ni inchi ya kilimo.' Nani alianza kusema hivo? We unamujua?"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri nakala wakacheka, na mmoja akaniambia nimjibu.

"Na we, memwari yako ulichapishia wapi?" mchapaji akaniuliza.

"Zamani hizo. Si hapa."

"Ah bon. Basi haiko kwa mashine yangu. Uko na bahati."

Nikacheka pamoja nao. Nilicheka zaidi yao.

Mwanafunzi aliyenifikisha hapa nilipo alikuja kwangu nimsimamie tasnifu yake miaka michache baada ya hapo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Makebuko, karibu thelathini, aliyepewa ruhusa ya mwaka mmoja tu kuja kumaliza masomo. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na daftari la jalada gumu na viatu vya kutembea. Mada yake ilikuwa mbegu za maharage, namna wanawake wa vilima vyetu wanavyochanganya aina mbalimbali shambani badala ya kupanda aina moja. Kwenye rasimu yake ya kwanza, chini ya ukurasa, nikakuta jina langu. Mwaka, ukurasa, kila kitu mahali pake, koma zikiwa zimesimama kama askari.

Lazima niseme ukweli: nilifurahi. Tasnifu yangu ya zamani, iliyolala maktaba karibu miaka ishirini, haikuwa imewahi kunukuliwa na kiumbe yeyote. Sina hakika kama hata jopo lililonipa shahada liliisoma yote. Na sasa mtu ameifungua, amefika ukurasa wa arobaini na kitu, amekuta harage langu, amelitaja na kunitaja mimi. Nikaenda kununua kalamu mpya.

Harage hilo lilikuwa jeupe lenye doa la kahawia pembeni ya jicho. Nilikuwa nimeandika kwamba wakulima wengi niliowahoji Bugendana huliita "mchelewaji," kwa sababu hukubali kupandwa wakati majirani wameshaanza kupalilia, na kwamba huliongeza konzi moja zaidi kwenye udongo mwekundu wa mlimani na kulipunguza kwenye udongo mweusi wa bondeni. Ulikuwa ukurasa mzuri. Ndio ukurasa pekee mzuri katika kazi ile yote.

Mwanafunzi akaenda Bugendana. Baada ya wiki mbili akarudi.

"Mwalimu, mchelewaji sijampata."

"Umeuliza wanawake?"

"Nimeuliza wanawake."

"Uliza wazee zaidi."

Akarudi tena vilimani, kwa miguu, msimu ule wa matope. Akaniletea majina mengine ya maharage, mengi na mazuri, kila moja na kilima chake na mtu aliyelitaja. Mchelewaji hakuwamo. Safari ya tatu ningeweza kumzuia kwa sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nikamwambia, kwa sauti yangu ya Kamishna, kwamba subira ni nusu ya utafiti. Akaiandika na hiyo.

Hii hapa ndiyo sentensi niliyokuwa nayo mdomoni: sikuhoji mtu Bugendana. Nilifika huko mara moja, siku ya soko, nikala mishikaki, nikarudi.

Kila nilichokijua juu ya maharage nilipewa na mtu mmoja, shangazi yangu, dada wa baba, anayeishi kwenye kilima kimoja cha Muyinga, si mbali sana na mpaka. Kama mimi, sehemu kubwa ya maisha yake ilipita kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ndiyo maana hadi leo mimi na yeye tunachanganya Kiswahili na Kirundi bila kugundua. Tulipokimbia alibeba mbegu kwenye pindo la kitenge. Tuliporudi akazirudisha. Mwaka tuliorudi tuliwakuta majirani tayari wanapalilia, nasi ndiyo kwanza tunakata vichaka. Watu wakatucheka. Shangazi akapanda hivyo hivyo, na katika mchanganyiko wake wote aina moja tu ndiyo iliyomjibu vizuri. Akaipa jina. Wachelewaji tulikuwa sisi.

Kwa hiyo jina hilo lisingeweza kupatikana Bugendana hata mtu angetembea mpaka soli ziishe. Lilizaliwa uani kwetu.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu, shangazi alinikalisha uani kwa siku tisa. Alinifundisha kubana mbegu kwa ukucha ili kujua kama imekauka. Alinipimia udongo na konzi. Siku moja, akiwa anapepeta, nilimsomea niliyoandika ili aone kama nimeelewa, naye akasema: "Vizuri. Lakini anayekunywa maziwa amtaje aliyetoa ng'ombe. Jina langu uliandike humo."

Hakuomba kitu kingine. Hakujua kusoma, na hilo ndilo lililofanya alitake zaidi.

Msimamizi wangu wa wakati huo, mtu mwenye suti moja na uhakika mwingi, alisoma rasimu na kukata jina la shangazi kwa mstari mmoja. "Mwanamke mmoja si chanzo," alisema. "Ni shangazi. Chanzo ni kitabu, au ni kaya nyingi. Ungekuwa na kaya za Bugendana, tungezungumza." Tarehe ya kukabidhi ilikuwa karibu, mvua ilikuwa inanyesha, na nilikuwa nataka shahada kama mtu anavyotaka kutoka kwenye chumba chenye moshi. Nikakaa mezani nikamzidisha shangazi yangu. Yeye mmoja nikamfanya wakulima wengi. Muyinga nikaifanya Bugendana. Msimamizi akafurahi: "Sasa unaona? Sasa ni sayansi."

Ningeishia hapo ningekuwa mwizi wa kawaida, wa kibandani Magarama. Lakini nilimpelekea nakala.

Alichinja kuku. Alinawa mikono mara mbili, akaketi, akakipokea kitabu kama anavyopokewa mtoto mchanga, akaniuliza: "Jina langu liko wapi?" Nikafungua ukurasa wa shukrani. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa na jina la msimamizi wangu. Nikaweka kidole hapo.

"Hapa, shangazi."

Akaondoa kidole changu, akaweka chake. Akakipitisha polepole kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho.

"Mbona refu hivi?"

"Wameliandika pamoja na cheo," nikasema.

Akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Akasema hakujua kwamba kupanda maharage kuna cheo. Tukala kuku.

Nilijiambia kitabu hakitadumu. Niliwategemea mchwa. Mchwa wa Muyinga, ambao wamekula milango, fremu za picha na msalaba wa kaburi la babu, waliniangusha kwenye jambo hili moja.

Safari ya tatu mwanafunzi wangu alikuta huko Bugendana mwanamke aliyeolewa kutoka Muyinga. Mwanamke yule akamwambia mbegu yenye doa la kahawia aliwahi kuiona kwao, kwa mama mmoja aliyerudi kutoka Tanzania, na akamwelekeza kilima. Mwanafunzi hakuniambia. Alikwenda. Nilipomwona tena alikuwa ameketi mbele yangu, viatu vina udongo wa rangi nisiyohitaji kuuliza, daftari limefungwa juu ya mapaja.

"Nimempata," alisema.

"Nani?"

"Mwenye mchelewaji. Aliniambia wewe ni mtoto wa kaka yake."

Nikasema kitu kuhusu dunia kuwa ndogo. Hakunisaidia kucheka.

"Aliniambia kila kitu, na jina limetoka wapi. Halafu akasema nisidhani anajisifu, jina lake limo kitabuni. Akakitoa. Amekifunga kwenye kitenge, Mwalimu, kisafi kabisa. Akafungua ukurasa bila kuutafuta. Wageni wote anawaonyesha. Akaniambia, nisomee."

Upande wa pili wa mbao foleni ilikuwa inapiga gumzo juu ya mpira.

"Ukamsomea," nikasema.

"Nilisoma kilichoandikwa. Ulitufundisha: soma kilichoandikwa, si unachotaka kiwe kimeandikwa."

"Akasemaje?"

"Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni profesa. Akakifunga kitabu chake, akaniongezea chakula." Alitazama daftari. "Nikaona vibaya. Nikataka kukutetea. Nikamwambia, mama, lakini anatufundisha vizuri sana, anatuambia kila mwaka anayekunywa maziwa amtaje aliyetoa ng'ombe. Akaacha kula. Akasema, 'Na hilo pia kachukua?'"

Sijui nilitazama wapi. Nadhani nilitazama kalamu yangu mpya.

"Sasa, Mwalimu," akasema, na adabu yake ilikuwa na makali, "nina vyanzo viwili na vinapingana. Kimoja ni wewe. Nimwandikeje yeye?"

Ruhusa yake kazini ilikuwa inaisha. Bila sahihi yangu wiki ile asingesimama mbele ya jopo mwaka ule, na mwaka mwingine hakupewa. Tulilijua hilo sote wawili, na ndiyo maana ninaona aibu kueleza nilichofanya. Nilijadiliana.

"Andika mahojiano ya mdomo. Jina lake, kilima, tarehe."

"Nimeandika. Na ya kwako?"

"Ya kwangu iache."

"Niiache vipi? Nimeisoma. Ulisema kuficha ulichosoma ni wizi pia."

"Basi ondoa harage. Aina moja tu ya harage. Si muhimu sana."

Alinitazama kama mwalimu wa darasa la pili anavyomsubiri mtoto aliyejibu ovyo.

"Kazi nzima ni hilo harage, Mwalimu. Mtu mmoja, mbegu moja, jina moja. Mengine ni orodha."

Nikatia sahihi. Si kwa ujasiri. Foleni ya nje ilikuwa imeacha kuzungumza mpira.

Tanbihi aliyoiandika ilikuwa na sentensi tatu. Jina la mchelewaji tulipewa na mama huyu wa kilima hiki, Muyinga, tarehe hii. Jina hilo limetajwa pia na fulani, akisema limetoka Bugendana. Huko hatukulikuta. Basi. Hakukuwa na neno wizi, hakukuwa na alama ya mshangao. Nimewahi kugombezwa na wakuu wangu kwa kurasa nyingi nisisikie chochote. Lakini hilo "huko hatukulikuta" nililala nalo kwa wiki mbili.

Siku ya kutetea tasnifu alivaa mavazi ya heshima na kuwaleta watu wa kwao, waliojaza benchi mbili za nyuma na kupiga makofi pasipotakiwa. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mwenzangu wa miaka mingi, mtu mwema. Alifika kwenye ile tanbihi akaweka miwani chini.

"Hapa mwanafunzi amechanganyikiwa kidogo. Mama huyu, tunaambiwa, ni shangazi wa msimamizi. Bila shaka alisikia kwa msimamizi. Wazee wetu mnawajua, kijana wao akisoma, kesho wanarudia yote kama ya kwao."

Ukumbi ukacheka. Watu wa kwao pia wakacheka, kwa heshima.

"Hapana, mheshimiwa," mwanafunzi akasema. "Ni yeye aliyeanza."

"Una ushahidi gani? Tasnifu ya msimamizi ina mwaka juu ya jalada. Mama ana mwaka gani?"

Alinigeukia, kwa sababu mwaka wa mama nilikuwa nao mimi.

Nikasimama. Nataka jambo hili liandikwe, kwamba nilisimama. Nikasema: "Ni kama anavyosema. Nilichukua kwa shangazi yangu. Bugendana sikuhoji mtu."

Na, Mungu anisamehe, nikajisikia mtu mkubwa. Kisha mwenyekiti akavaa miwani yake akatabasamu.

"Mnaona, vijana?" akawaambia waliokuwa ukumbini. "Huu ndio unyenyekevu wa msomi. Anajishusha ili mwanafunzi wake apande. Tumpigie makofi."

Wakanipigia makofi. Mtu anaweza kukataa makofi. Angeweza kupiga meza, akasema sijajishusha, nimeiba, na nikamwonyesha aliyeibiwa jina la mtu mwingine kwa kidole changu hiki. Hayo ni maneno machache kuliko sala ya kabla ya kula. Mimi niliketi. Nadhani hata nilitikisa kichwa kidogo, kama wanavyofanya wanyenyekevu.

Jopo likampa shahada, likampunguzia alama kwa kile walichokiita haraka ya kuhukumu, na likamtaka afute sentensi mbili za mwisho za tanbihi kabla ya kukabidhi nakala za maktaba. Jina la shangazi lingebaki. Jina langu lingetoka, safi.

Nilikwenda naye Magarama. Nilijiambia namsindikiza.

"Hapa, nafuta?" mchapaji aliuliza. Alisoma ile mistari midomo ikicheza, kisha akanitazama. "Prof, inafutwa sababu gani? Iko uongo?"

"Hapana," nikasema.

"Ah bon."

Akabonyeza. Mwanafunzi alisimama mlangoni akitazama barabara. Nakala zilipotoka alinipa moja. "Mpelekee wewe," akasema. "Mimi nimeshamsomea mara moja." Alirudi Makebuko juma lile, na tangu hapo salamu zake zinanifikia kupitia kwa watu.

Nilikaa na nakala hiyo kwa muda ambao sitausema, kisha nikaenda Muyinga. Shangazi alikuwa uani, amekonda kidogo, anachambua mbegu kwenye ungo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kidole chako?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yalikuwa mazuri, yana mwanzo, kati na mwisho. Nikamkabidhi tu tasnifu ya mwanafunzi, nikajaribu kufungua ukurasa. Akaufunga.

"Acha. Wewe usinionyeshe kitu."

Akaingia ndani, akatoka na kile kitenge, akaweka kitabu kipya juu ya kile cha zamani, akavifunga pamoja, akajitwika. "Twende dukani," akasema.

Mwenye duka ambaye shangazi humuuzia maharage ni Mwislamu, mzee wa familia ya Kihindi ambayo babu zake waliuza chumvi hapo hapo. Anasoma Kifaransa, Kiswahili na nyuso za watu. Shangazi aliwasubiri wateja waliokuwepo wahudumiwe, na wala hakuwaomba watoke. Akafungua kitenge juu ya kaunta.

"Baba, nisomee. Hiki kipya kwanza. Kuna mahali pana jina langu. Sitakuonyesha ni wapi."

Mzee akatafuta. Ilichukua muda. Akafika kwenye orodha ya vyanzo, akaweka rula ya kupimia vitambaa chini ya mstari, akasoma kwa sauti: jina lake, jina la baba yake, kilima, mkulima, mtunza mbegu. Shangazi akasema asome tena. Akasoma tena. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua sabuni akapiga kigelegele kimoja kifupi, bila kujua ni cha nini.

"Sasa hiki cha zamani. Ukurasa huu. Mstari wa juu."

Mzee akasoma jina la msimamizi wangu, na cheo chake. Akaangalia jalada, akaona jina langu. Akaniangalia mimi, kisha akajishughulisha na miwani yake.

"Umesikia?" shangazi akamwuliza.

"Nimesikia, mama."

"Na wewe wa sabuni?"

"Nimesikia."

"Haya." Akakisukuma kile cha zamani ng'ambo ya kaunta. "Hiki bakia nacho. Karatasi yake nzuri. Fungia karanga."

"Mama, hiki ni kitabu cha chuo!"

"Ndiyo. Na mtu akikuuliza karatasi umepata wapi, umtaje aliyekupa."

Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya Kamishna wala ya mtu yeyote, kwamba ningependa kukichukua mimi. Shangazi alikuwa anafunga kile kipya kwenye kitenge.

"Cha kwako kiko Gitega," akasema. "Hiki ulinipa."

Tulirudi nyumbani, akanipikia. Maharage yalikuwa ya mchanganyiko, na kulikuwa na moja jipya, jekundu lenye michirizi, nisilolijua. Nikamwuliza linaitwaje. Alikula mpaka akamaliza sahani yake kabla ya kunijibu.

"Lina jina," akasema.

Mwaka huu nimeanza kipindi cha kwanza na ng'ombe kama kawaida. Niliposema ile sentensi nikaongeza ilikotoka. Nilimtaja shangazi yangu kwa jina lake na la baba yake, nikataja kilima na Muyinga, na nikasema alisema hayo akiwa anapepeta maharage. Nililirudia jina polepole ili wapate muda wa kuandika. Kisha nikapita kati ya madawati kutazama madaftari, kama ninavyofanya miaka yote. Sentensi wameiandika wote. Wengine wameipigia mstari. Na chini yake, kwenye mabano, bila kukosea koma hata moja, wameandika jina langu.